Kiti ni Bure, Mafuta Utalipia

Sauti ilikuwa ya ndege isiyoonekana. Ilikuja juu ya ukungu, ikapita, ikageuka, ikaja tena, na kila ilipopita vioo vya madirisha vilitetemeka na mbwa wakajilaza chini. Geela alikuwa na miaka minane. Watu wa Nuvuarjuk, kijiji cha pwani ya barafu kaskazini kabisa mwa Kanada, walikuwa wamesimama nje wote, nyuso juu, wakiufuata mngurumo kwa macho ingawa hapakuwa na cha kuona ila weupe. Kisha mngurumo ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukakatikia upande wa kusini.

Ndani ya ndege ile alikuwemo mama yake, akirudishwa nyumbani kutoka hospitali ya Ottawa. Rubani hakuuona uwanja, akamrudisha Iqaluit, mji mkubwa wa huku kaskazini, kusubiri hali ya hewa. Ukungu ukakaa. Ulipoondoka, mama alikuwa ameshafariki Iqaluit, na ndege iliyotua ilileta sanduku.

"Alikuja," wazee walimwambia yule mtoto. "Hakutua tu."

Maneno hayo Geela aliyavaa maisha yake yote, karibu na ngozi, mahali watu hawaoni. Alikua. Akalea watoto wawili wa dada yake. Akafanya kazi dukani miaka mingi, akipanga makopo ya maziwa ambayo bei yake humfanya mgeni akohoe. Na siku ndege inapozunguka juu ya ukungu, popote alipo huacha anachokifanya akasimama.

Jina la mama lilikuwa Qiatsuk. Lilikaa bila mwenyewe miaka mingi, mpaka Leetia, binamu yake Geela anayeishi Iqaluit, alipokuwa mjamzito akaota ndoto. Shangazi yake Qiatsuk alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti lake la zamani, anaomba maji ya kunywa. Huku kwetu marehemu akiomba maji ndotoni, hakuna anayehitaji kutafsiriwa: anataka kurudi. Mtoto akazaliwa wa kike, akapewa jina la Qiatsuk. Siku Geela alipompakata mara ya kwanza alimwambia, "Umefika, mama," na mtoto, ndivyo Leetia anavyosimulia hadi leo, akapandisha nyusi.

Kupandisha nyusi ni kusema ndiyo. Kukunja pua ni kusema hapana. Watu wawili wanaweza kumaliza mazungumzo ya asubuhi nzima bila kufungua mdomo, hasa baridi ikiwa kali.

Tangu hapo Geela alikuwa na mama. Aliye na mama huitwa binti, na mtoto alipofikia umri wa kusema alimwita hivyo hivyo, binti yangu. Na alipofikia umri wa kukemea, alimkemea. Kila mwezi wa tano, jua linapoacha kuzama, alikuja kukaa Nuvuarjuk, akatembea na Geela dukani, mikono ameishika nyuma ya mgongo, vilevile alivyokuwa akitembea marehemu.

"Binti, unanuka sigara."

"Nimevuta moja tu, mama."

"Moja ya asubuhi, au moja ya sasa hivi?"

Watu wazima dukani walicheka mpaka wakashikilia rafu. Geela hakucheka. Alitoka nje akaitupa paketi, mwanamke mwenye mvi, kwa kuogopa macho ya mtu aliyekuwa bado hajang'oa meno ya utoto.

Kampuni ya ndege ilipotafuta mtu wa kaunta, ilimchukua Geela kwa sababu anajua Kiingereza na halewi. Alipewa koti la bluu lenye nembo kifuani. Siku ya kuajiriwa, mtu wa makao makuu kusini alimuuliza maswali mengi kwa simu, na mojawapo lilikuwa la wazazi, maana mzazi wa mfanyakazi hupewa safari moja kila mwaka, bila nauli wala tozo. Mama yako yu hai? Geela alijibu kama mtu aliyeulizwa ana mikono mingapi. Yu hai. Anaitwa Qiatsuk. Anakaa Iqaluit.

Basi kila mwaka mama yake alipanda ndege kwa safari ya mzazi, ameketi kitini miguu haifiki sakafuni. Na mtu wa kaunta ya Iqaluit, ambaye babu yake mwenyewe alikuwa darasa la pili, hakuona cha kushangaza.

Nuvuarjuk haina barabara ya kwenda popote. Meli huja kiangazi, ile ya mizigo na ile ya mafuta. Miezi iliyobaki ni ndege. Kuzaa ni ndege, jino ni ndege, mahakama ni ndege, kuzika ndugu ni ndege. Aliyekaa nyuma ya kaunta huzijua shida za watu kabla ya padri. Na ndiye anayewatajia bei.

Bei ilikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na nauli, ambayo kampuni iliwapunguzia wenyeji na kuitangaza redioni kwa fahari. Na kulikuwa na tozo ya mafuta, ambayo haikupunguzwa kwa yeyote wala haikutangazwa popote. Nauli ilitulia mahali pake mwaka hadi mwaka, mpole, ukiitazama unaipenda. Iliyokuwa ikinenepa ni tozo. Msimu huo wa baridi ilinenepa mpaka ikaipita nauli yenyewe, kama mgeni aliyekuja kulala usiku mmoja na sasa anashika kitanda chote.

"Geela," alisema Joanasie, mpakia mizigo, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na gunia begani. "Tangi lile pale. Lilijazwa na meli mwezi wa nane. Tulisimama wote ufukweni tukaliangalia bomba. Leo ni mwezi wa nne. Mafuta yamelala humo ndani, hayajageuka hata ubavu. Yamepandaje bei usingizini?"

"Bei inapangwa kusini."

"Basi waipange na baridi, tuone."

"Pakia mizigo, Joanasie."

"Napakia. Nikijikwaa nitatozwa?"

Geela alikuwa amefundishwa jibu refu zaidi: kwamba gharama hutazamwa kwa safari zote pamoja, si kwa tangi moja. Lilikuwa jibu zuri kwenye simu. Hapa kaunta, mbele ya mtu mliyekaa naye sakafuni jana mkila samaki wa barafu, lilimkaukia mdomoni.

Kisha akaja Bibi Uluuti na tiketi yake.

Bibi Uluuti alikuwa mjane, mdogo wa umbo, mchezaji wa bingo ya redio, ule mchezo wa kubahatisha namba, tangu redio ilipoletwa, na katika miaka yote hiyo alikuwa ameshinda paketi za chai na taa moja ya mkononi. Mwezi wa pili kampuni ilitoa zawadi ya tiketi, Nuvuarjuk hadi Ottawa, kwenda na kurudi, na Bibi Uluuti akapiga kelele ya bingo ambayo nyumba za jirani ziliisikia bila redio. Alikuja uwanjani amevaa viatu vyake vya ngozi ya sili, vile vya kanisani.

"Nipangie siku."

Geela aliitazama kompyuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Bibi. Kiti ni bure. Mafuta utalipia."

"Sema tena."

"Ulichoshinda ni nauli. Tozo ya mafuta haimo."

"Bila mafuta hiyo ndege itanifikisha wapi? Mwisho wa uwanja?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Joanasie aliinama akashika magoti.

"Basi nipe kiti changu nikakae nacho nyumbani," Bibi Uluuti aliendelea, akiwa ameshaona kwamba ana watazamaji. "Nitakiweka dirishani, niwaangalie wenye mafuta wakipaa. Kina mkanda?"

"Kina mkanda, bibi."

"Vizuri. Nisije nikadondoka nikicheka."

Alicheka kuliko wote, mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, na Geela akacheka naye. Lakini kati yao wawili kulikuwa na jambo ambalo halikuchekesha, na kila mmoja aliliona machoni mwa mwenzake likipita na kuinama.

Mwaka uliotangulia, katika mji mwingine wa pwani hiyo hiyo, mvulana mmoja alizama penye barafu nyembamba. Alikuwa na jina la marehemu mume wa Bibi Uluuti. Tangu azaliwe bibi alimwita mume wangu. Kila msimu wa baridi alimshonea glavu, naye mvulana alipovua samaki wake wa kwanza alimtumia huyo mkewe, kwa ndege, kama mume anavyopaswa. Bibi alikuja kaunta kuomba nauli ya msiba. Hiyo ni ya mtu aliyefiwa na wa karibu kabisa, mzazi, mtoto, mume au mke, na kwa abiria wa kawaida ndiyo peke yake isiyotozwa mafuta. Geela akapiga simu kusini. Wakauliza uhusiano. Mume, Geela alijibu. Wakauliza umri wa marehemu. Kumi na mbili. Simu ikacheka, kisha ikaomba radhi kwa kucheka. Sheria ilikuwa ni ile ile.

Geela, katika koti la bluu, akageuka akamwambia mzee wa watu, "Hawakubali, bibi."

Bibi Uluuti alikunja pua kidogo. Hakumkunjia Geela, aliukunjia ukuta. Akavaa kofia yake akaenda nyumbani, na mume wake akazikwa bila yeye.

Hakumlaumu Geela hata siku moja. Afadhali angemlaumu.

Mwezi wa nne mtoto Qiatsuk alianza kuchoka akipanda ngazi tatu za nyumbani kwao. Madaktari wa Iqaluit walimsikiliza kifua, wakatazamana, wakampeleka Ottawa. Serikali humlipia mgonjwa na mtu mmoja wa kumsindikiza, naye alikuwa Leetia, aliyemzaa. Upasuaji wa moyo ukapangwa asubuhi ya Ijumaa.

Jumatatu mtoto alipiga simu.

"Binti. Watanifungua kifua."

"Najua, mama."

"Leetia analia tu. Hanisaidii. Nakutaka wewe."

"Nitakuja."

"Kabla hawajanilaza kwa dawa."

"Kabla hawajakulaza, mama."

Ahadi ilitoka kabla hesabu haijafika. Mfanyakazi wa kampuni halipi nauli. Hukaa penye nafasi. Lakini tozo huilipa kama mtu mwingine yeyote, kipande cha kwanza hadi Iqaluit, kipande cha pili hadi Ottawa, na kurudi. Geela alijumlisha alichokuwa nacho na alichoweza kukopa kwa dada yake, akakiona kiasi hicho kimesimama mbali sana na bei, kama watu wasiofahamiana.

Huku mtu akikwama huenda kituo cha redio akasema. Watu hubeba walichonacho: noti, unga, mtu anauza hata bunduki. Geela alitembea hadi mlango wa redio siku ya Jumanne, akaona kivuli chake kwenye kioo, kivuli chenye nembo kifuani, akasimama. Angesema nini? Jamani, nisaidieni kulipa kile ninachowatoza? Na Bibi Uluuti, ambaye redio yake haizimwi, angemsikia akiwa wapi, amekaa kwenye kiti gani?

Akageuka. Akaenda kaunta, akampigia Denise, msimamizi wake aliyeko Ottawa, mwanamke aliyemjua kwa sauti tu, sauti yenye Kifaransa ndani yake, yenye huruma ya kweli na haraka ya kweli. Geela akaomba asamehewe tozo, na Denise akasema atajaribu.

Alhamisi asubuhi hakuwa amepiga bado. Ndege ya siku hiyo ndiyo ya mwisho ambayo ingemfikisha Ottawa usiku, kabla ya asubuhi ya kisu. Geela alikuja kazini na begi lake, akaliweka chini ya kaunta kwa mguu, asilione mtu. Nje hapakuwa na upepo. Barafu ya ghuba ilikuwa imeanza kupasuka mbali, na kutoka penye maji ukungu ulipanda, ukakaa juu ya vilima, ukafikiri.

Bibi Uluuti alikuwa ameshafika na boksi lake la plastiki lililofungwa kwa utepe pande zote. Juu lilikuwa limeandikwa kwa wino mnene: QIATSUK, OTTAWA.

"Samaki, na ngozi ya nyangumi kidogo," alisema. "Mpe mama yako. Mwambie asile chakula cha hospitali, kile kinaua hata wazima."

"Sijapata kiti, bibi."

"Nani kakuuliza kiti? Nimekwambia umpe mama yako." Akaketi kwenye benchi na chai yake.

Simu ikalia.

"Geela, mpenzi," alisema Denise. "Nimepata. Nina ruhusa ya kumwondolea tozo mfanyakazi mmoja kwa msimu. Nimekupa wewe."

"Asante. Asante sana."

"Ngoja, usishukuru bado. Tangu tozo ipande, wakaguzi wanapitia safari zote zilizosamehewa. Wamezikuta safari za mama yako. Wanasema mama yako ana miaka tisa."

Ilikuwa kweli. Alitimiza tisa mwezi wa kwanza, walimtumia keki.

"Nimewaambia lazima ni makosa. Majina yamefanana, umechanganya, watu hukosea. Ila wanataka wakusikie mwenyewe, na simu hii inarekodiwa. Ukisema ni makosa, nafunga faili, unapanda ndege. Usiposema, wataliita wizi, na mimi sitaweza kumpa kiti mtu anayechunguzwa kwa wizi. Kazi yenyewe sijui. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi nauliza. Qiatsuk, huyu mtoto aliyelazwa hapa Ottawa, ni mama yako?"

Geela akapandisha nyusi.

Hakukusudia. Zilipanda zenyewe, juu kabisa, kama zilivyopanda siku zote alipoulizwa swali hilo na mtu yeyote, kanisani, dukani, kwenye barafu. Upande wa pili hapakufika kitu. Nyusi hazina mlio.

"Geela? Upo? Sijakusikia."

Kwenye benchi, Bibi Uluuti aliteremsha kikombe chake taratibu.

Geela aliutazama mlango wa uwanjani, na mlango wa barabarani, na yote miwili ilikuwa milango ya ukumbi huo huo. Tangu utotoni alikuwa amesikia kwamba jina likitajwa, mwenye jina husikia, popote alipo. Kumkana mama mchana wa leo, na kesho asubuhi wamfungue kifua. Au kutomkana, na kesho asubuhi wamfungue kifua hali binti yake amekaa Nuvuarjuk na begi miguuni, hana koti la kampuni, hana kiti, ana ukweli tu. Aligeukia huku, ukuta. Aligeukia kule, ukuta. Na kati ya kuta mbili ilikuwa inakuja ndege.

"Mpenzi, samahani kukuharakisha. Rubani ameshaondoka Iqaluit. Lazima nifunge orodha."

"Hapana," Geela alisema, kwa Kiingereza.

"Hapana nini? Samahani, inabidi useme yote."

"Si mama yangu."

"Na mama yako mzazi?"

"Alikufa."

"Lini?"

"Nikiwa na miaka minane."

"Oh, pole. Pole sana." Na alikuwa anasikitika kweli, hilo ndilo lililokuwa gumu kumeza. "Haya. Kiti chako hicho, tozo sifuri. Mwambie mtoto namwombea."

Mashine ikatema kadi ya kupandia. Geela akaishika. Ilikuwa ya joto, kama kitu kilichotoka tumboni.

Joanasie alikuwa amesimama mlangoni amekumbatia boksi la samaki. Kiingereza anakijua. Alifungua mdomo, watu wakangoja utani, akaufunga. Akatoka nje na boksi bila kusema lolote, na hilo peke yake lilitosha kuwafahamisha wote kwamba kuna jambo limetokea.

Ukungu nao ulikuwa umeshafikiri vya kutosha. Uliteremka kutoka vilimani, ukafunika nyumba za juu, kanisa, shule, tangi la mafuta. Ukafunika taa za mwanzo wa uwanja, halafu za kati. Geela alivaa koti lake la manyoya juu ya lile la bluu, akatundika begi begani, akasimama nje na watu wengine.

Wakaisikia.

Ilikuja juu ya weupe, ikapita. Vioo vya ukumbi vikatetemeka. Ikageuka mbali, upande wa ghuba, ikaja tena, chini zaidi, mpaka watu wakainamisha vichwa. Na kwa kitambo Geela aliamini ataona tumbo lake, magurudumu yake, chochote. Redio ya mkononi ya Joanasie ilikohoa. Rubani alisema haoni. Alisema atajaribu mara nyingine. Akajaribu.

"Yasikilize," alisema Bibi Uluuti, uso juu, bila kumwambia mtu maalumu. "Yanatosha kuja na kurudi bila kugusa chini. Hayo ndiyo mafuta yangu."

Hakuna aliyecheka. Mngurumo ukawa mwembamba, ukawa uzi. Geela aliushika uzi ule kwa masikio mpaka mwisho, mpaka akawa hajui kama anausikia au anaukumbuka. Kisha ukakatikia upande ule ule.

Watu waliingia ndani mmoja mmoja. Joanasie aliliweka boksi kivulini kwenye theluji ili samaki asiyeyuke, akalipapasa kifuniko kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. "Kesho," alimwambia Geela. Kesho ilikuwa Ijumaa, na wote wawili walijua.

Bibi Uluuti alibaki nje na Geela.

"Ulisikia nilichosema, bibi? Pale kwenye simu?"

"Kiingereza changu ni cha bingo. Sikusikia namba yoyote." Alimtazama. "Lakini macho ninayo. Ulijibu kabla hujajibu."

"Haikurekodiwa hiyo."

"Mimi nimeirekodi."

Geela alitaka kushukuru, kikatoka kitu kingine. "Siku ile ya mume wako. Ningepiga simu tena. Ningebisha."

"Wangecheka tena." Bibi aliurudisha mkono wake ndani ya glavu. "Alikuwa mume wangu hata bila nauli yao. Niliimba nyumbani. Sijui kama alisikia. Nadhani alisikia."

Simu ya mkononi ya Geela ililia mfukoni, ndani kabisa, chini ya makoti mawili, na ilimchukua muda kuifikia.

"Binti," alisema mtoto. Nyuma yake kulisikika magurudumu ya kitanda, na Leetia akipenga kamasi. "Wameshaniosha kifua kwa ajili ya kesho, kwa dawa ya rangi ya chungwa. Uko juu sasa? Unaona mawingu?"

Geela alikunja pua.

"Binti. Sikuoni uso. Lazima useme."

Alishika simu kwa mikono miwili.

"Nasikia unavyohema. Umevuta sigara?"

"Sijavuta, mama."

"Umeahirisha kuja?"

"Ndege ilikuja. Haikutua tu."

Kwa mbali mtu alimwita mtoto kwa jina, jina lote, kwa lafudhi ya kusini, akilikosea. Hakuitika.

"Kuna mtu amenikana leo," alisema mtoto, si kwa kulaumu, bali kama anayesema ameota. "Nimesikia masikio yanawaka. Leetia anasema ni homa. Ni wewe unayeongea, au ni mtu mwingine?"

Geela aligeuka, akaupa mgongo uwanja na ukumbi na tangi na taa zilizokuwa zinawaka bure ndani ya weupe. Midomo yake ilikaribia simu mpaka ikaigusa, na alilolisema, hata Bibi Uluuti aliyesimama bega kwa bega naye hakulisikia.

"Ni mimi, mama. Ni binti yako."